Mama Animatrisi na Kiti cha Shefu

Jina lake nalijua, lakini sitaliandika, maana yeye mwenyewe hakulipenda. Kwa mji mzima wa Baraka, kuanzia sokoni hadi ufukweni mwa ziwa wanakoanika dagaa tunaowaita ndakala, alikuwa Mama Animatrisi, na ukimwita vinginevyo hakugeuka. Kwetu animatrisi ni mwanamke anayetumwa na shirika kukusanya watu na kuwafundisha jambo fulani: kunawa mikono, kunyonyesha, kuweka akiba. Wapo wengi. Huja na gari, hugawa kalamu, hupiga picha, kisha hawaonekani tena. Wa kwetu alikuja kwa miguu yake, na shirika lililomleta lilipofunga mlango na kuondoka, yeye alibaki. Nilipomuuliza kwa nini, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anakula.

"Kazi haiyaisha bado," alisema.

Kazi yenyewe ilikuwa kuchukua wasichana wa mitaani, wenye shule na wasio na shule, wenye waume na waliorudishwa kwao, na kuwafundisha uongozi. Kusema mbele ya watu. Kuuliza swali kwenye mkutano wa kartie, mtaa wetu, na kulishikilia mpaka lijibiwe. Kuomba nafasi katika komite ya maji, ya soko, ya shule. Na hakuficha alichokuwa anakitafuta mwishoni. Tukipita mbele ya biro, ofisi ya kartie, kijumba cha matofali chenye mlingoti wa bendera, alisimama katikati ya njia, pikipiki zikimpigia honi, akanyoosha kidole.

"Mule ndani kuko kiti. Mbele ya kuzeeka nataka nione mumoja wenu amekikalia. Si kama sekretere. Shefu." Akatembea hatua mbili, akageuka. "Na si shefu wa photo."

Hilo la photo alilirudia kila mwaka, mpaka tukawa tunamwigiza tukiwa peke yetu. Lakini halikuwa mzaha. Msichana wake mmoja wa kundi la kwanza aliwahi kuteuliwa kuongoza avenu, yaani barabara moja na nyumba zake, huko Fizi, juu. Watu walishangilia, picha zikapigwa. Mama Animatrisi alipopanda kwenda kumsalimia alimkuta baba mdogo wa msichana ameketi mlangoni, anapokea watu, anaamua kesi, na msichana yuko ndani anagonga muhuri kwenye kila kinachopitishwa. Alirudi Baraka siku hiyo hiyo, hakula. Tulipomuuliza habari za Fizi alisema tu kwamba mvua imeharibu njia.

Mimi sikuingia kwake kwa ajili ya uongozi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mtoto mgongoni, shule nimeiacha njiani, na mama yangu alikuwa ananiuliza kila asubuhi nina mpango gani na maisha. Nilisikia kwamba kwenye mafunzo yale wanagawa soda. Hapakuwa na soda. Palikuwa na chumba cha kanisa tulichoazimwa saa ambazo kwaya haifanyi mazoezi, mabenchi matatu, na mwanamke mfupi mnene aliyefunga kitambaa cha kichwa kirefu kuliko kimo chake, ambaye alinitaka nisimame niseme nimetoka nyumbani nikifikiria nini.

Nilisimama. "Samahani, mimi ni mtoto tu, sijui kama..."

Aliinua mkono. "Toka inje, uingie tena."

Nilitoka, nikaingia. "Samahani sana, wazazi wangu..."

"Toka."

Siku ile nilitoka mara saba. Mara ya saba mtoto wangu alikuwa ameanza kulia, wenzangu wanacheka, na mimi nimekasirika kiasi kwamba nilipoingia nilisema bila kufikiri kwamba nimetoka nyumbani nikifikiria kwamba kisima cha avenu yetu kimekufa na kila alfajiri nachota maji ya ziwa yanayowaumiza watoto tumbo. Akashusha mkono.

"Ile njo kitu, ile ndiyo yenyewe," alisema. "Sasa uniambie, ile samahani ilikuwa ya nini? Umetukosea nini?"

Hata leo nikisimama mbele ya watu, ile samahani huja mpaka kwenye meno, nami huimeza. Namshukuru kwa mara zote saba.

Hakuamini darasa. Alisema chumba kina adabu mno, kila mtu humo ananyamaza mwenzake akisema, na huko nje hakuna atakayetunyamazia. Basi asubuhi alitushusha ufukweni, saa mitumbwi ya wavuvi inaporudi, kina mama wamejaa majini hadi magotini na mabeseni yao, kila mmoja anavutana bei na mwingine. Pale katikati alimsimamisha mmoja wetu aeleze jambo moja tu, lianze na kuisha kabla mama wa karibu hajamaliza kujaza beseni lake. Mama akigeuka kusikiliza, umefaulu. Asipogeuka, kesho unarudia. Wavuvi walitudhihaki vya kutosha. Mmoja aliuliza kama tumeokoka dini gani. Lakini baada ya mwezi, yule aliyetudhihaki alikuwa anauliza mbona jana hatukuja, maana lile suala la ushuru wa gati halikuisha.

Mwenyewe aliogopa ziwa kupita kiasi. Alikuwa na wasichana watatu Ubwari, na Ubwari hufiki ila kwa mtumbwi, kwa hiyo kila mwezi alishuka akapanda. Aliketi chini kabisa, katikati ya magunia ya mihogo, kitambaa amekivuta hadi machoni, na kuimba nyimbo za kanisani kwa sauti iliyowachosha hata wapiga makasia. Akifika alitapika kwanza, akanawa uso, kisha akauliza mkutano uko wapi. Niliwahi kumwambia awaite wale watatu waje Baraka, wao ni vijana. Alisema wakija Baraka watafundishika, lakini watu wa kijiji chao hawatawaona wakifundishika. Ilibidi nifikirie sana kabla ya kuelewa.

Mambo yake mengine hayakuwa na maelezo. Mikutanoni, wakubwa walipoanza hotuba, alilala. Alilala kabisa, kidevu kifuani, na wakati mwingine akakoroma, nasi tukatamani ardhi itumeze. Hotuba ikiisha aliamka na kuuliza swali lililowafanya watazamane. Simu aliishika mbali na sikio na kuipigia kelele, kwa hiyo siri zake zote za kazi zilijulikana na wauza mkate wa barabarani. Hakujua kupika, na hakuona haya. Sombe yake, kisamvu, ilikuwa na mchanga, na ukitafuna ukasikia mchanga alikutazama aone kama utathubutu kusema.

Na alikuwa mwongo, nalisema kwa upendo. Ili msichana aseme shuleni, sokoni au mkutanoni, angedanganya hata mchungaji. Alimwambia baba yangu kwamba ninajifunza kushona. Mwaka mzima baba alikuwa anauliza shati lake litakuwa tayari lini. Ilibidi ninunue shati la mtumba, nifumue pindo na kulishona tena vibaya, ili lionekane la mwanafunzi. Baba alilivaa kanisani kwa fahari mpaka likapasuka. Nilipomwambia Mama Animatrisi kwamba tunafundishwa ukweli kwenye uongozi huku tukiwadanganya wazazi, alikunja uso.

"Unataka uende kumuambia ukweli leo, akufungie nyumbani? Basi, enda."

Sikwenda.

Jambo jingine ambalo sikulielewa kwa muda mrefu ni namna alivyokuwa mbele ya kaka mkubwa wa marehemu mume wake. Mzee yule alipofika kwake, Mama Animatrisi, aliyewaambia maofisa wa polisi wakae chini wamsikilize, alipiga magoti mlangoni, akajibu kila kitu kwa "ndiyo", na kumwomba ruhusa ya kusafiri hadi Lusenda kana kwamba ni msichana wa miaka kumi. Sisi tulisimama nje ya ua tukiona aibu kwa niaba yake. Alipotoka alitukuta tunanong'ona. Hakujitetea. Alisema kwamba yeye alianza kujifunza amechelewa, na kwamba kuna magoti ambayo yakishazoea kukunjika hayana habari tena na kichwa. Kisha akatuuliza kwa nini hatujaanza zoezi.

Nadhani ndiyo sababu ile siku ya barza, mkutano wa wazee, ilimuuma kuliko ilivyotuuma sisi.

Lakini kwanza niseme habari za Furaha. Furaha alitoka familia za juu milimani, watu wa ng'ombe, waliokuwa wameshuka Baraka kwa sababu kule juu hapakukalika. Miaka ile watu wa milimani na sisi wa ziwani tulikuwa hatutazamani vizuri, na ninaandika hivi kwa maneno mepesi. Furaha aliketi peke yake karibu na mlango. Hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyesogea pia. Nilitegemea Mama Animatrisi atatusomea mahubiri. Badala yake alitupatia mimi na Furaha daftari moja na kalamu moja, akatutuma tupite nyumba zote za avenu yetu ya juu tuulize kila nyumba inachota maji wapi na nani anachota. Siku ya kwanza tulitembea bila kusema, mimi nimeshika kalamu, yeye daftari, kwa hiyo kila mara nilipotaka kuandika ilibidi nimsubiri alifungue. Siku ya tatu alinisahihisha tahajia ya Kifaransa. Nilikasirika, kisha nikaona ana haki. Siku ya tano mtoto wangu alilala mgongoni mwake. Leo yeye ni mwalimu Uvira na tukipigiana simu tunaongea mpaka salio linakatika.

Daftari lile lilikuwa kwa ajili ya robine. Kulikuwa na habari kwamba kartie yetu itajengewa robine, bomba moja la maji ya kunywa, moja tu, na barza ya wazee ingeamua likae wapi. Wengi walitaka likae karibu na soko, kwenye njia kubwa, mahali linapoonekana na wageni. Sisi tulijua avenu ya juu ndiyo iliyokuwa inateseka, wasichana wake wakishuka ziwani giza halijatoka, na tulikuwa na nyumba zote kwenye daftari. Nilichaguliwa kusema. Furaha angesoma hesabu. Wasichana wengine watatu wangeketi nasi ili tusionekane wachache. Tulifanya mazoezi ufukweni mpaka wavuvi wakajua hotuba yangu kwa kichwa.

Siku ikafika. Tuliketi kwenye benchi letu pamoja na Mama Animatrisi, vikwembe vyetu vya kitenge vimepigwa pasi. Ilianza sala, zikafuata salamu, ambazo kwa wazee wetu si jambo la dakika mbili, kisha kikaletwa chakula, bugali na samaki, kabla ya mazungumzo. Shefu wa kartie, mzee mrefu wa sauti ndogo, akainua mikono yake miwili kidogo, hivi tu, viganja juu. Mtu aliyelelewa kwetu akiona mikono ya mzee imeinuka hivyo, haambiwi kwamba ni saa ya kumnawisha. Tuliinuka wote sita. Mmoja alibeba beseni, mmoja jagi, mmoja sabuni, mmoja taulo, na mimi na Furaha tukafuata na sahani. Tulipita mzee kwa mzee, tukiinama, tukimimina maji kidogo kidogo juu ya vidole. Kisha sahani. Kisha chumvi kwa aliyeomba chumvi. Kisha tena beseni, kwa kunawa baada ya kula. Niliporudi kwenye benchi, jasho likinitoka, sekretere alikuwa anafunga daftari lake. Robine itakaa sokoni. Wazee walikuwa wamekubaliana huku wananawishwa, kila mmoja akimwegemea mwenzake, nasi tumesimama katikati yao na beseni.

Hakuna aliyetunyamazisha. Hilo ndilo lililoniuma. Miezi yote tumejifunza kusema, na saa yenyewe ilipofika tulikuwa tunamimina maji.

Tulirudi kwa miguu. Furaha alikuwa amelikumbatia daftari. Karibu na kanisa Mama Animatrisi akasimama.

"Munajua nani aliamuka ku benchi wa kwanza?" akauliza. "Miye. Nyiye mulinifwata. Miye njo nilikamata beseni." Akaketi kwenye jiwe la kando ya njia, akaanza kucheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka, na hakuyafuta. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona hajui la kufanya. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote alizokuwa anajua.

Hakukaa kwenye jiwe muda mrefu. Kazi ya bomba ilichelewa kuanza, kama kazi zote, na barza nyingine ikaitishwa kuhusu robine hiyo hiyo. Alikwenda kituo cha afya akaazima ile ndoo yenye robine ndogo, ambayo kila mtu wa huku anaijua tangu kipindupindu kilipotuzoea. Akaiweka juu ya kigoda, pale pale mlangoni mwa barza, na kipande cha sabuni. Sahani alizipanga mezani. Kisha akatukusanya nyuma ya jengo.

"Leo hakuna muntu ananyanyuka," alisema. "Hata miye. Mukiniona naamuka, munivute kikwembe."

Chakula kikaja. Wazee wengi walikuwa wameshanawa mlangoni, na hawakuona tofauti. Lakini mmoja, mzee kuliko wote, aliingia kwa mlango wa nyuma, akaketi, na baada ya muda akainua mikono yake. Akangoja. Miguu yangu ilianza kunyanyuka yenyewe, na Furaha akanishika kikwembe kwa ngumi. Mama Animatrisi alikuwa anatazama chini, ameshika benchi kwa mikono miwili. Mikono ya mzee ilibaki juu, na kila mtu mle ndani alikuwa anangoja nani atalegea kwanza, yeye au sisi. Mwishowe shefu wa kartie akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Muzee, ndoo iko pale mulangoni. Hata miye nilinawa pale." Mzee akainuka, akaenda, akanawa, akarudi. Hakukasirika. Nadhani alishangaa tu.

Ndipo nikasimama. Sikuomba samahani. Nilisema robine ikikaa sokoni, watu wa sokoni watakuwa na visima viwili na bomba, na wasichana wa avenu ya juu wataendelea kushuka ziwani gizani. Shefu akauliza ni nyumba ngapi. Furaha akasoma, nyumba kwa nyumba, mpaka shefu mwenyewe akasema inatosha.

"Habari ya nyumba za kartie yangu," alisema akimgeukia sekretere wake, "inatoka kwa babinti hawa, si kwako?"

Watu wakacheka. Robine haikwenda avenu ya juu. Ilikwenda nusu njia kati ya soko na avenu hiyo, na mimi na Furaha tukapewa nafasi kwenye komite ya maji. Mama Animatrisi hakutusifu. Alisema ningesimama mapema zaidi.

Kutoka komite ile, mzee shefu alinichukua nimsaidie kuandika kwenye biro, na nikawa sekretere, kitu kile kile ambacho Mama Animatrisi alisema hakimtoshi. Kila tulipokutana aliniuliza kama bado niko pembeni ya kiti. Miaka ikapita. Mzee akachoka, macho yakamwishia, akaomba apumzike, na alipoulizwa nani anaijua kartie alitaja jina langu. Siku nilipopewa muhuri kulikuwa na ngoma na picha, na Mama Animatrisi alicheza mpaka kitambaa kikamdondoka. Lakini alipokuja kunikumbatia alininong'oneza: "Photo tumepiga. Sasa tutaona." Nilikasirika kidogo. Nilidhani siku hiyo angeniachia furaha yangu yote.

Mwaka huu, msimu wa mvua, alikuja biro. Miguu yake ilikuwa imevimba na alitembea kwa fimbo. Kazi alikuwa ameiacha, au inasemekana aliiacha, maana wasichana walikuwa bado wanaingia na kutoka kwake. Nilimwona dirishani ameketi kwenye foleni, wa tisa. Nilimtuma mtu amwite aingie. Akakataa. Aliingia zamu yake ilipofika, na akanisalimia kwa cheo.

"Shefu, jambo yenu."

"Mama, karibu. Mukalie hapa. Munanisalimia hivi juu ya nini?"

"Niko mu biro." Akaketi polepole, akatoa karatasi iliyoandikwa tayari, sehemu ya saini tu ndiyo ilikuwa tupu. "Ni kwa mutoto wa dada yangu. Ule alitoka Kilembwe. Eko anasema, Mungu wangu, hata miye ananipita. Komite ya kartie mutaichagua juma lijalo. Umuwekee saini kwamba amekala hapa mwaka mumoja."

Nilisoma. Mtoto yule nilimfahamu. Alikuwa msichana wa maana kweli. Alikuwa amefika Baraka miezi miwili iliyopita. Na kanuni kwamba mgombea awe amekaa hapa mwaka mzima tulikuwa tumeiandika sisi wenyewe, baada ya komite iliyotangulia kujazwa watu waliofika na mabegi yao jana ili wagawe mashamba leo.

"Mama, eko na myezi mbili."

"Myezi mbili, mwaka mumoja, Mungu ndiye anahesabu. Weye unajua: asipoingia ule, bataingia banaume batupu."

"Anaweza kuya kukaa mu mikutano, asikilize, aulize. Mwaka kesho asimame. Miye mwenyewe nitamuita."

"Sikuomba mikutano. Niliomba karatasi."

Nje mvua ilikuwa imeanza kugonga bati. Nilijua kila kitu nilichokuwa nacho, kiti, muhuri, sauti, mpaka daftari la mtoto wangu shuleni, kilianzia kwa mwanamke huyu. Nilitamani kusaini. Nasema kweli, kalamu ilikuwa mkononi. Nani angejua? Mimi ningejua, na msichana yule angejua, na angekaa kwenye komite akijua aliingiaje.

"Siwezi kuisaini, Mama."

"Unasema nini?"

"Nasema hapana."

Uso wake sikuwahi kuuona hivyo, hata siku ya beseni. "Miye njo nilikutoa ku maji ya ziwa," alisema taratibu. "Miye. Na mutoto mugongoni."

"Njo vile, Mama. Sitaisahau mupaka nife. Lakini ile karatasi ni ya uongo, na siisaini."

Akaichukua karatasi, akaikunja mara nne, akaiweka kifuani. Akainuka kwa shida, nami nilipotaka kumshika mkono akauvuta. Alitoka bila kuaga. Hakuwa ananijaribu, msomaji asifikirie hivyo. Alikuwa amekuja kwa karatasi, na alikuwa amekasirika kweli. Nilibaki nimeshika kalamu, nikijiambia kwamba nimempoteza, na kwamba pengine huo ndio uongozi, kupoteza watu mmoja mmoja mpaka ubaki na kiti.

Aliyefuata alikuwa mama mmoja muuza mihogo, mwenye shida ya mpaka wa kiwanja. Hakuingia kama watu wanavyoingia. Alisimama mlangoni, amezishika karatasi zake kifuani kwa mikono miwili, akazipanga, akazipanga tena.

"Karibu, Mama. Kuna nini?"

"Shefu, ngoja kidogo, nione kama byote biko." Akahesabu karatasi. "Ni Mama Animatrisi. Eko pale inje mu mvua, anapita ku mustari, muntu kwa muntu. Anasema tupange makaratasi yetu muzuri, atakayekuwa na ya uongo arudi nyumbani mbele ya kuaibika. Anasema mule ndani muko shefu." Akasita, akiniangalia kama anayeogopa kuvunja adabu. "Anasema, 'Miye mama yake, amenirudisha.'"

"Amekasirika?"

"Analia," alisema yule mama. "Lakini anaonyesha kila muntu ile karatasi ulimukatalia, na anacheka."